Makopo Matano ya Dizeli

Vijana wa gereji za Chanji na kokote mnakoshika spana, marahaba zenu nyote, hata ninyi ambao hamjanisalimia. Mmeniomba niwaandikie habari za kazi. Wenzangu wakistaafu huandika jinsi walivyokuwa hodari. Mimi nitawaandikia jinsi nilivyokuwa mpumbavu nikiwa na miaka sitini na sita na mvi kichwa kizima, ili mjue kwamba upumbavu si mali ya vijana peke yao.

Jina langu ni Wenseslaus, lakini Sumbawanga nzima inanijua kama Fundi Wensi. Nimelala chini ya magari miaka mingi kiasi kwamba mke wangu alikuwa ananitambua kwa soli za viatu. Kazi yangu ni dizeli. Petroli niliishika pale tu njaa ilipobisha hodi.

Mambo yenyewe yalianza na mkutano. Wenye magari ya njia ya Ilemba na Milepa, ile inayoshuka kutoka huku juu Ufipa mpaka bondeni, waliitana ukumbini kujadili hoja moja: kila gari jipya linalotaka kuingia njia hiyo lipimwe kwanza, linakula mafuta kiasi gani na linatoa moshi wa namna gani. Likizidi kipimo, lisipewe zamu stendi.

Hoja hiyo aliileta Skola, na Skola nilimfundisha mimi. Alikuja kwangu amemaliza kidato cha nne, mkimya, mikono misafi kama ya mhasibu. Siku ya kwanza nikamtuma dukani akaninunulie nusu kilo ya kompresheni, kana kwamba mgandamizo wa injini huuzwa kwa mizani. Mafundi wote tukajificha nyuma ya lori tukicheka. Alirudi mikono mitupu, uso mkavu, akasema, "Fundi, wamesema imekwisha. Ila wanashangaa kwamba kwako ilikuwa haijaisha." Hapo nikajua huyu binti atanisumbua. Miaka sita baadaye alifungua gereji yake mwenyewe hapo Chanji, akaweka na kompyuta ya kuyauliza magari yanaumwa nini. Mimi nilizoea kuyauliza kwa sikio.

Sasa tusikilizane vizuri, maana hapa ndipo penye kiini. Skola alikuwa ameitwa Mbeya kwenye gereji kubwa. Alinifuata nyumbani kabla ya mkutano akaniambia wazi, "Baba, hoja ikipita, nabaki. Isipopita, naenda Mbeya. Sitaki kumaliza maisha yangu kwa watu wanaotaka gari litembee tu, hata likitembea kwa kuua wengine." Nilimjibu kwamba Mbeya ni mji mzuri, una parachichi. Lakini nilikuwa naumia. Sikutaka aondoke. Na kusema kweli, sikutaka ashinde pia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeahidi kuipinga hoja yake mbele ya watu wote.

Mwenyekiti wa mkutano alikuwa Bi Zuhura. Familia yake ina duka na magari hapa mjini tangu enzi za babu yake, na malori yao ndiyo yaliyonilea mimi kazini. Pembeni yake alikaa mtaalamu kutoka jijini, kijana mpole mwenye miwani, aliyealikwa kutueleza dunia inakwendaje.

"Magari mapya yote," akasema mtaalamu, "yanatakiwa yale mafuta kidogo na yatoe moshi kidogo. Huko ndiko tunakoelekea."

Makofi. Bi Zuhura akainua mkono. "Mwanangu, gari langu jipya linafika wiki ijayo. Mtalipimaje?"

"Hongera sana, mama. Lina muda gani tangu litoke kiwandani?"

"Lina miaka kumi na saba."

Mtaalamu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama, gari la miaka kumi na saba si jipya."

"Limewahi kukanyaga Sumbawanga?"

"Nadhani hapana."

"Basi ni jipya."

Ukumbi mzima ukaitikia kwamba ni jipya. Mzee Masanja, mfugaji aliyehamia bondeni na ng'ombe wake kutoka Usukumani, naye akamsaidia kijana wa watu kuelewa. "Mtaalamu, hata mke ukimwoa leo ni mke mpya. Kuna mtu anauliza kazaliwa lini?"

Tulipoteza karibu saa nzima hapo. Kumbe yeye alikuwa anazungumzia magari ambayo viti vyake bado vina nailoni, na sisi tunazungumzia magari ambayo namba yake ndiyo kwanza imetoka. Kila upande ulikuwa unamkubalia mwenzake jambo ambalo mwenzake hakulisema. Skola ndiye aliyetuokoa. Alisimama akasema, "Tuandike hivi: gari linaloingia njia hii kwa mara ya kwanza. Liwe limetoka kiwandani, liwe limeshuka melini, kwetu ni jipya." Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kauli nzuri na haikuwa yangu.

Ikafika zamu yangu. Nikasimama taratibu kama wanavyosimama watu wenye hoja nzito, ingawa ukweli ni kwamba goti lilikuwa limekamata. Nikawaambia kwamba sisi tunaishi juu, hewa ya Ufipa ni nyepesi, na gari lolote hapa linahema kama mgeni anayepanda ngazi. Vipimo hivyo vimetungwa na watu wa tambarare. Nikatoa mfano wa Subira, basi dogo la zamani la Bi Zuhura. Jina hilo limeandikwa juu ya kioo cha mbele, na aliyeliandika alikuwa anawajua abiria wake. "Subira linatoa moshi, sikatai," nikasema, "lakini nani hapa halijamfikisha?"

"Linafika," akasema Masanja. "Ila likipita, ng'ombe wangu wote wanageuka kuangalia kama kuna nyumba inaungua."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha Skola akasema, bila kupandisha sauti, kwamba pale kwenye mlima watoto wakitoka shule na kusikia Subira linapanda, huvuta masweta wakafunika pua, wakasimama hivyo hivyo mpaka lipite. Wanafanya kila siku. Nami niliyekuwa nacheka nikatafuta kitu cha kutazama sakafuni.

Bi Zuhura akaamua kama anavyoamua dukani. "Mimi maneno nimeyashiba. Nionyesheni kwenye kopo. Gari langu jipya na Subira, mzigo sawa, yaende Ilemba. Subira likila zaidi kwa makopo matano ya lita moja au kupita, hoja imepita, na Skola ndiye atakayekuwa anapima. Yakipungua matano, tusisumbuane."

Nikadakia haraka kwamba tupime kwa chupa, kama alivyonifundisha marehemu Fundi Abdala. Unafungua mpira wa mafuta, unauchomeka kwenye chupa ya lita moja iliyofungwa kwenye boneti, unaendesha mpaka gari lizime, halafu unahesabu kilometa.

"Hili jipya ukilikausha mafuta namna hiyo pampu inakufa, baba," akasema Skola. "Tujaze matangi mpaka shingoni, twende, halafu tujaze tena kwa kopo."

"Sawa. Tujaze hapa, tukajaze tena Ilemba."

Akanitazama. "Abiria wa Ilemba huwa hawarudi?"

Ukumbi ukalipuka. Maana kila mtu hapa anajua kwamba kwenda Ilemba ni kushuka tu, na kwa kushuka hata mkokoteni haunywi mafuta. Ikaamuliwa kwenda na kurudi.

Niwasimulie kidogo habari za Fundi Abdala, kwani bila yeye hamtaelewa nilichokifanya. Huyu ndiye aliyenitoa kwenye kuosha boliti akanifanya fundi. Alinifundisha kuusoma moshi. Mweusi, gari limekula kuliko linavyoweza kusaga, tazama chujio la hewa na nozeli zinazopuliza mafuta. Wa bluu, linakunywa oili yake lenyewe, ringi zimekwisha. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, maji yameingia ndani, funga gereji ukasali. Na kabla hujagusa pampu ya mtu, alikuwa anasema, tazama viatu vya dereva.

Hilo la viatu nililidharau. Lililetwa lori linakula dizeli kama limetumwa, nikaifungua pampu siku mbili nzima. Nilipoirudishia nikabaki na springi moja mkononi ambayo mpaka leo sijui ilitoka wapi. Lori likaendelea kula. Fundi Abdala akaja, akamtazama dereva miguuni, akamwambia, "Vua hayo mabuti." Dereva akaenda Milepa na kurudi na kandambili, mafuta yakabaki. Mguu ndani ya buti haujui unakanyaga kiasi gani. Mkikumbuka hilo peke yake katika andiko hili, nimeshawalipa muda wenu. Mengine ni madogo: upepo wa matairi, keria tupu ishushwe, na vumbi jekundu la huku lipulizwe kwenye chujio kila wiki, msisubiri gari likohoe.

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa moja, na aliitamka kwa kidole juu: gia unayopandia mlima ndiyo hiyo hiyo unayoshukia. Dereva aliyeshuka mlima wa bondeni na fri, yaani bila gia, ili kuokoa mafuta alikuwa harudi kazini kesho yake. Mimi mwenyewe nimewatukana madereva wengi kwa kosa hilo, wengine mbele ya wake zao.

Siku ya kipimo ilifika, asubuhi yenye baridi yetu ile ya kutoa mvuke mdomoni. Tukapakia magunia ya mahindi, idadi sawa kila gari. Matangi yakajazwa mpaka mafuta yakaonekana mdomoni. Mimi nikashika Subira, Bi Zuhura akakaa kando yangu kama shahidi. Skola akafuata na lile jipya, mtaalamu kando yake na daftari. Nilivaa kandambili. Nilikuwa nimejaza upepo matairi mpaka yakawa magumu, na chujio nililipuliza mara tatu. Mpaka hapo ni ufundi halali, wala sina cha kutubu.

Tulipofika ukingoni, pale ambapo nchi inakatika na unaliona bonde lote chini, moyo wangu ukanidanganya. Nilimwona Skola kwenye kioo, yuko nyuma yangu ametulia. Nikasema moyoni, huyu hawezi kunishinda kwa gari alilolijua wiki moja. Nikatia fri. Likateleza vizuri, kimya kimya. Nikaona kama fri inaokoa, kuzima kutaokoa zaidi. Nikazungusha ufunguo, injini ikafa, nikaurudisha ili usukani usijifunge.

"Wensi," akasema Bi Zuhura, "mbona kimya?"

"Gari linasikiliza, Bi Zuhura."

"Umelizima?"

"Nimelipumzisha."

Kona ya kwanza nikakanyaga breki, ikashika. Ya pili ikashika kwa shida. Ya tatu nikakanyaga, pedali ikawa ngumu kama nimekanyaga jiwe. Hapo ndipo nikakumbuka jambo ninalomfundisha kila mwanafunzi wiki ya kwanza: breki za magari haya zinasaidiwa na injini. Ukiizima, unabaki na nguvu ya mguu wako, na mguu wangu ulikuwa na miaka sitini na sita na kandambili. Usukani nao ukawa mzito. Upande wa kushoto kuna ukuta wa mawe, upande wa kulia hakuna kitu.

Niliogopa. Nawaambia wazi, niliogopa. Bi Zuhura alikuwa anasoma dua kwa sauti, na katikati ya dua akawa ananitaja jina, sijui alikuwa ananiombea au ananishtaki. Nikakanyaga klachi, nikaingiza gia ya tatu, nikaiachia. Gari likaruka kama limechapwa, injini ikaamka kwa kishindo, breki zikarudi. Bega la Subira likakwangua ukuta kidogo, tukasimama. Harufu ya breki ilikuwa imejaa ndani.

Skola akasimama nyuma yetu, akashuka, akaja dirishani. "Kuna nini, baba?"

"Hakuna. Bi Zuhura alitaka kutazama bonde."

Bi Zuhura akajifunga ushungi wake upya. "Ndiyo," akasema. "Ni zuri." Skola alipoondoka akaniongezea kwa sauti ya chini, "Nimekufichia mbele ya mtoto. Sijui utajificha wapi mbele ya Mungu."

Mngetegemea kwamba baada ya hapo nilishuka na gia. Nilitia fri tena, safari hii injini ikiwa hai, mpaka palipokuwa tambarare. Ubishi ukizeeka hauna dawa. Ilemba tukanywa chai, tukageuza. Kupanda, Subira lilitoa moshi ambao hata mimi nilifunga dirisha. Tulisimama mara mbili kulipoza. Lile jipya lilipanda kama halina mzigo, nyuma yake hewa imebaki kama ilivyokuwa.

Jioni, mbele ya ukumbi, makopo yakaanza kumiminwa, mtaalamu anahesabu kwa sauti na watu wote wanahesabu naye. Lile jipya likajaa. Subira likajaa. Subira lilikula zaidi kwa makopo manne na kitone.

Manne. Upande wangu wakanibeba juujuu. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba ng'ombe wa kale ndiye mwenye maziwa. Mtaalamu akafunga daftari. Skola alikuwa anafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama nilivyomfundisha. Bi Zuhura kama mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno kabla hajafunga hoja. Aliuliza ukumbi wote, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

Vijana, nilikuwa nimeshinda. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, kazi ambayo sijawahi kuiweza, na siku hiyo nikaona bora niiweze. Nikawaza watoto na masweta yao puani. Nikawaza gereji ya Chanji imefungwa kufuli. Nikamwaza Fundi Abdala na kidole chake. Nikashuka mabegani kwa watu.

"Mwenyekiti," nikasema, "wakati wa kwenda, niliudanganya mlima."

"Fafanua," akasema Bi Zuhura, mwanamke mkatili.

"Nilizima injini, nikashuka bure. Baadaye nikashuka na fri. Breki zilinikataa, nikakaribia kumuua mwenyekiti wa kikao hiki. Ningeshuka na gia, lingekula makopo matano na zaidi. Najua, kwa sababu ndiyo kazi yangu kujua."

Kisha dereva mmoja wa zamani, niliyewahi kumfukuzisha kazi kwa kosa hilo hilo, akasimama juu ya benchi. "Fundi Wensi! Siku ile ulinitukana mbele ya mke wangu!"

"Mwite," nikasema, "nimwombe radhi na yeye."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Masanja alikuwa anajipangusa machozi kwa kofia. Hoja ikapita mikono ikiwa juu, na mkono wangu ulikuwemo. Bi Zuhura akatangaza kwamba Subira litapumzika njia hiyo, akanitazama tena akaongeza, "Litapumzishwa na injini ikiwa imezimwa."

Watu walipotawanyika nikamfuata Skola nje. Nilitarajia atanishukuru, nami nilikuwa nimeandaa maneno ya unyenyekevu.

"Mimi nilijua, baba," akasema.

"Bi Zuhura kakwambia?"

"Hajaniambia mtu. Nilikuwa nyuma yako mlima mzima, na nikaisoma namba ya gari lako kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Tangu nilijue Subira, sijawahi kuiona namba yake ya nyuma likiwa linatembea, kwa moshi."

"Sasa mbona hukusema wakati wanahesabu makopo? Ungeshinda palepale."

"Vitu vyangu vya Mbeya vimeshafungwa, viko mlangoni," akasema. "Nikajiambia, akisema mwenyewe, navifungua. Akinyamaza, nafundishwa na nani hapa?"

Nilitafuta jibu la kizee, lile linalomfanya kijana atikise kichwa na kwenda zake. Nikaliacha. Nikamwuliza kama anahitaji mtu wa kumsaidia kufungua.